Diski ya Mama Mereseini

Isireli Drauna alikuwa amejikinga mvua kwenye mlango wa duka la uchapaji, katikati ya Suva, alipomsikia mwanamke ndani akiifokea kompyuta. Moyo wake ukachanua. Mungu ana namna yake ya kulisha viumbe, na huyu alimlisha kwa kompyuta nzito.

Akachungulia. Mama Mereseini, mwenye duka, alikuwa anakitumbulia macho kioo cheusi tangu asubuhi. Kesho wangemzika shangazi yake, na kitabu cha mazishi kilikuwa hakijachapwa. Pembeni, waya umechomekwa, ilikaa diski ya nje kubwa kama mkate, yenye picha zote za ukoo.

Isireli aliujua ugonjwa huo. Kompyuta ikiwashwa, huhangaika kwanza kuiamsha diski kuukuu iliyochomekwa, nayo haiamki upesi. Ichomoe tu, mashine itakimbia. Siri hiyo ya sekunde moja alizoea kuiuza dola mia tatu, na diski kuondoka nayo kwenda kuiuza sokoni.

"Bula, mama! Mgonjwa wako hajaamka?"

"Wewe nani?"

"Fundi. Kwenu wapi, mama?"

"Nakoroniu."

Isireli hakumtapeli mtu kabla hajamfanya ndugu. Akakumbuka juzi, kwenye bakuli la kava, wazee walisema watu wa Nakoroniu na wa Vunikura asili yao moja. Walisema na mengine, lakini kifuu chake kilikuwa kimefika, akanywa.

"Loh! Mimi wa Vunikura!" Akapiga makofi. "Asili yetu moja!"

Mama Mereseini akampima kuanzia shati la maua hadi viatu vipya, akarudi kwenye mkoba wa ngozi. "Vunikura hasa?"

"Naapa kwa kaburi la babu."

Kule nyuma Ramendra, mpiga chapa, akakohoa.

Isireli akatega sikio kwenye kompyuta, akaguna kama daktari. "Ubongo umevimba. Niletee chai, mama. Kazi hii haitaki macho ya watu."

Mama alipogeuka, diski ikaingia mkobani. Chai ilipofika, kompyuta ilikuwa macho.

"Dola mia tatu tu, kwa kuwa ni ndugu."

"Ndugu?" Mama aliutazama waya uliobaki unaning'inia, akaweka kikombe chini taratibu. "Mtu wa Vunikura si ndugu yangu. Ni mtani wangu! Mali yake yangu, na marufuku kununa. Ramendra, njoo umwone mtani aliyejileta mwenyewe!"

Akauchukua mkoba. "Mzuri. Wangu huu. Na viatu vua, vitamfaa mume wangu."

"Mama, ngoja kwanza..."

"Ngoja nini? Au wewe si wa Vunikura? Sema basi, polisi waje watuambie umetoka wapi."

Isireli akapiga hesabu. Akijikana, ni mwizi mwenye diski ya watu mkobani. Akibaki wa Vunikura, mila inamtaka acheke huku akivuliwa. Akacheka, kicheko cha mtu aliyeng'olewa jino, lakini alicheka.

Mkobani ikatoka diski ya Mama, na nyingine nne zenye majina ya wenyewe.

"Hii ya shemeji yangu!" Ramendra akaruka. "Ulimwapia imeoza, umeizika!"

"Imefufuka," Mama akamjibu. Akachomeka diski yake. Safari hii kompyuta ilikuwa imeshaamka, haikuwa na haja ya kuisubiri. Baada ya muda shangazi akatokea kwenye kioo, kofia ya Jumapili imekaa upande, anacheka. Ilikuwa picha yake pekee, na nusura iishie sokoni.

Mama akajifuta macho. "Ungekuwa mtu baki ningekupeleka polisi," alimwambia Isireli. "Mtani hapelekwi. Ila shati liache."

Isireli akatoka na fulana, miguu mitupu, mvua inamcharaza. Kwenye kona, mzee mmoja mwenye mwavuli akamwonea huruma.

"Pole, kijana. Kwenu wapi?"

Isireli akaangalia suruali yake, mali pekee iliyobaki.

"Sina kwetu, mzee," akasema, akaongeza mwendo.