Pete ya Majaribio

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Leo nimekuwa mwenye mashine. Ya kutafuta chuma ardhini! Matayo, dereva wa lori aliyekwama forodhani wiki mbili, alikuwa nayo chini ya kiti. Nikampa baiskeli, akanipa mashine. Baiskeli yenyewe ilikuwa na pancha. Sasa nani mjanja hapo?

Mpango ni rahisi. Kila sikukuu watu humiminika Majanji kuogelea ziwani. Vidole vinasinyaa majini, pete zinachomoka. Mikufu inakatika. Miaka nenda miaka rudi! Vyote viko mchangani vinanisubiri mimi, Oboth, mtu wa miaka hamsini na tatu aliyechoka kukimbiza karatasi za mizigo ya wenzake kwenye jua la Busia.

Harriet hajui. Mke wangu yuko Mwello kwa kaka yake, wanavuna ulezi, atarudi Ijumaa. Amepiga simu kunikumbusha Jumapili. Kwani nimesahau? Padri Elungat atawaita mbele waliotimiza miaka ishirini na mitano ya ndoa. Tutavua pete, atazibariki, tutavishana upya. Nikamwambia yangu iko kidoleni na haijatoka tangu siku ile. Akasema afadhali, maana pete zote mbili zilinunuliwa kwa mbuzi wake. Haupiti mwaka mbuzi yule hajatajwa.

Jioni nimeijaribu mashine uani. Imeona msumari! Jirani yangu Edeku akachungulia juu ya ua na kuuliza kama nimepata kazi ya kufagia.

Jumanne, 5 Agosti

Boda mpaka Majanji. Mgongo umelalamika njia nzima. Kwenye mchanga mkavu mashine ikatulia, adabu tupu. Nikashuka penye majimaji, maana pete huanguka huko. Ikapiga kelele. Hatua moja, kelele. Nikasimama kabisa, kelele. Nikachimba mashimo kumi na moja. Nilichopata: mchanga. Mweusi, mzito, unametameta.

Phiona, anayekaanga samaki pale ufuoni, akacheka mpaka akatua sufuria. Akasema, "Mzee, hiyo mchanga yenyewe ni chuma. Wewe nakwenda kuchimba ziwa yote?" Akaleta sumaku ya redio mbovu, akaipitisha mchangani, ikaota ndevu nyeusi. Sikufurahi. Sikwenda Majanji kufundishwa na mtu mwenye mwiko.

Kisha nani akatokea? Edeku! Ana chekeche la mchanga wa kujengea. Eti amekuja kupunga hewa. Mtu hupunga hewa na chekeche? Akachekecha mchanga niliotoa mashimoni mwangu, akapata sarafu mbili na kijiko cha mtoto. Mashimo yangu! Jasho langu! Akanishukuru kwa kumchimbia.

Nimefika nyumbani siwezi hata kuinama kuvua viatu.

Jumatano, 6 Agosti

Nimetafuta video kwenye simu. Kuna bwana mmoja mwenye kofia pana ambaye anajua kila kitu. Anasema mchanga wenye chuma huichanganya mashine. Punguza usikivu wake kidogo. Kidogo tu. Halafu tafuta mahali patupu, inua sahani ya chini na kuishusha, inua na kuishusha, polepole, mpaka mashine iuzoee udongo na kunyamaza. Ukimaliza, ipe mtihani: fukia pete ya kweli kina cha kiganja, uone kama itaisikia. Lakini kabla hujaifukia, akasema, akainua kidole, hakikisha kwanza...

Bando ikaisha.

Kwanza nini? Bila shaka kwanza uwe na pete. Ninayo.

Majanji tena. Kuinua na kushusha nikakuona ni kutwanga kisamvu. Nikapunguza usikivu tu, mpaka mwisho. Kimya kitamu! Nikazungusha na kile kitufe cha kukataa vizibo vya soda, nacho mpaka mwisho, nisisumbuliwe na takataka. Nikavua pete kwa sabuni, nikaifukia, nikaweka ndala zangu juu kama alama. Nikaenda kwa Phiona kula samaki, nipumue kidogo kabla ya mtihani.

Nikarudi. Ndala hazipo! Edeku ameziokota, ameziweka juu pakavu kando ya mtumbwi, zimepangwa vizuri kama za mgeni. Alihofia maji yatazichukua. Akasubiri nimshukuru.

Nikamshukuru. Ningefanyaje? Nikimwambia, kesho Busia nzima itajua.

Nimepitisha mashine pale saa tatu nzima. Haikutoa hata kikohozi. Ufuo wote mweusi, wote sawasawa, na mahali fulani ndani yake yuko mbuzi wa Harriet.

Alhamisi, 7 Agosti

Sikulala vizuri. Nimekumbuka jambo ambalo sipendi kulikumbuka. Mwaka tuliofunga ndoa mimi ndiye niliyetakiwa kununua pete. Nilikuwa na mpango wa kuleta vifaranga kutoka ng'ambo, upande wa Kenya. Vifaranga walikufa wote. Alimfungua mbuzi wake, akatembea naye mpaka Nabuyoga mnadani, akarudi na kamba mkononi. Pete zikafuliwa na sonara wa Tororo. Naandika haya kwa sababu hakuna anayeyasoma.

Basi. Asubuhi nimegundua kwamba mashine ina kitufe chenye picha ya mawimbi. Nikauliza kijana wa duka la simu maana yake, akasoma kijitabu, akasema ni cha mchanga uliolowa maji ya chumvi. Nikapiga paja. Kumbe! Ziwa letu halina chumvi. Ndiyo maana mashine haielewi iko wapi!

Nikabeba chumvi yote ya jikoni, kilo mbili. Nikaimwaga pale ufuoni, nikamwagia maji, nikabonyeza mawimbi. Nikapata dakika nne za matumaini.

Halafu ng'ombe. Sijui nani aliwaambia. Walikuja kumi na saba wakilamba mchanga kwa mapenzi yote, wakakanyaga alama zangu, mistari yangu na hedifoni yangu. Mchungaji wao akanigombeza mimi! Akasema kama nataka kufuga, nifuge ng'ombe wangu. Edeku alikuwa amekaa juu ya mtumbwi. Hakucheka. Alitikisa kichwa kwa huruma, na hiyo iliniuma zaidi.

Ijumaa, 8 Agosti

Harriet amerudi. Nimefunga kidole bandeji, kubwa, mpaka kifundo cha mkono. Nilipanga kusema ni msumari wa kreti kule forodhani. Nikasema. Akauliza kidole gani. Nikasema hicho hicho. Akauliza, Baba Resty, pete je? Nikasema imevuliwa kwa sababu ya uvimbe, iko mahali salama. Kwa namna fulani ni kweli.

Kisha akaenda jikoni kuchemsha maji ya chumvi anikande. Nikasikia kabati likifunguliwa, likafungwa, likafunguliwa tena. Akauliza chumvi imekwenda wapi. Nikasema bei ya chumvi imepanda siku hizi. Hata mimi sikuelewa jibu langu.

Akaniuliza baiskeli iko wapi. Nikasema iko safarini. Akaniandalia chai na samaki wa kukaanga, alipitia sokoni kwanza. Alikuwa mpole ajabu. Afadhali angefoka.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimenunua bando. Nimesikiliza mpaka mwisho. Bwana mwenye kofia anasema: kabla hujaifukia, hakikisha kwanza umeifunga uzi mrefu, na ncha ya uzi iwe juu ya mchanga, usije ukaipoteza. Halafu anaongeza: usizungushe kitufe cha vizibo mpaka mwisho, maana pete nyembamba ya dhahabu, masikioni mwa mashine, ni sawa na kizibo.

Nimekaa kando ya barabara dakika kumi nikimwangalia yule bwana akitabasamu.

Nikamwambia Harriet naitwa forodhani. Nikaenda Majanji, na safari hii nikafanya kila kitu kama mtu mzima. Nikapunguza usikivu kidogo. Kidogo tu! Nikatafuta mahali patupu, nikainua na kushusha, nikainua na kushusha, mpaka mabega yakawaka. Mashine ikanung'unika, ikapunguza, ikanyamaza. Nikaenda polepole, mstari kwa mstari, sahani karibu kugusa mchanga. Ghafla, sauti moja. Safi! Nikarudi kutoka upande wa pili, sauti ile ile. Nikachimba kwa mikono, kina cha kiganja.

Mkono wa sufuria. Umekatika.

Phiona akaja kuuchukua, akasema ulikatika Jumatano jioni alipokuwa akisugua sufuria. Akauliza Mama Resty hajambo? Nikasema hajambo. Akasema mama yule ni mtu mzuri sana. Kisha akanitazama, akanipa samaki, akakataa kunidai. Watu wakianza kunihurumia hivi najua nimekwisha.

Nimemaliza ufuo mzima. Mistari yote. Mashine haikusema kitu tena. Mashine ni mwongo, hilo limethibitika. Nimechoka mpaka kucha. Kesho nitasimama mbele ya watu na bandeji.

Jumapili, 10 Agosti

Tulikuwa wanandoa sita mbele. Edeku yuko kwenye kwaya, kwa hiyo aliona vizuri. Padri akasema tuvue pete. Wengine wakavua. Mimi nikaanza kufungua bandeji, taratibu, nikiomba iwe ndefu zaidi ya ilivyo. Ikaisha. Kidole kizima, hakina hata mkwaruzo, kimekaa hapo kama shahidi. Watu wa benchi la kwanza wakainuka kidogo kuangalia.

Harriet akafungua fundo la kitambaa chake. Pete mbili. Mbili!

Padri akazibariki, hakuona chochote. Harriet akanivisha. Alipoinama akaninong'oneza kwamba hana mbuzi mwingine.

Nililia. Sioni haya kuandika. Nililia mbele ya kwaya nzima, na Edeku akakosea wimbo. Harriet alinishika mkono mpaka tukakaa, na hakuuachia mpaka mwisho wa misa.

Njiani akanieleza. Jumatano jioni Phiona alichota mchanga wa kusugulia sufuria, kama kila siku, maana mchanga ule mweusi hutoa masizi kuliko sabuni. Akasikia kitu kinakwaruza. Alikuwa ameniona nikifukia. Hakuona busara kumrudishia pete mtu anayezifukia. Ijumaa alipoleta samaki sokoni Busia, akampa mteja wake, Mama Resty. Kwa hiyo nilipokuwa nimefungwa bandeji nikisema iko mahali salama, ilikuwa kwenye kitambaa, inchi mbili mbele yangu. Na chumvi ile yote! Pete ilikuwa imeshaondoka siku moja kabla.

Nimemuahidi Harriet mashine itauzwa. Nimeahidi kwa moyo wangu wote. Amesema tumrudishie Matayo, atupe baiskeli.

Jumatatu, 11 Agosti

Matayo amevuka mpaka na lori, baiskeli juu. Hayupo tena. Si kosa langu.

Nimefikiri kwa utulivu. Mashine haikuwa mwongo! Jumamosi ilisema ufuo hauna pete, na kweli haukuwa nayo. Ilifaulu mtihani, mimi ndiye sikuelewa. Iliuona mkono wa sufuria wa Phiona, itashindwaje mikufu ya watu? Limebaki jambo moja dogo: kujua inavyolia ikikuta dhahabu, ili nisichimbe mikono ya sufuria maisha yangu yote. Na kwa kuwa pete moja ni nyembamba, mbili pamoja zitalia vizuri zaidi.

Edeku ameniambia kesho anakwenda kupunga hewa. Lazima nimtangulie.

Harriet anakanda unga wa chapati. Pete yake ameivua, ameiweka juu ya kabati, karibu na chumvi mpya. Hakuna hatari yoyote safari hii. Uzi ninao. Nimeshaukata. Ni mfupi kidogo, lakini utatosha.