Mvua Niliyoifukuza Kikombo

Jumatatu, 1 Februari 1909. Mpwapwa.
Nimeondoka alfajiri. Mpimaji wa reli, Mjerumani, yuko kambini Dodoma na anataka karani mmoja tu. Kazi ni ya atakayetangulia kufika kabla ya adhuhuri ya Alhamisi. Waombaji wawili. Mimi, Abbasi, mzaliwa wa Kondoa, miaka saba shule ya pwani. Na Yoramu, Mgogo wa misheni, ambaye herufi zake zinalala kama ng'ombe wagonjwa. Mwendo wa siku nne. Nimeugawa kwa penseli: vituo, saa, mapumziko. Shanta yangu nimeipaka mafuta ya kondoo, maji yasipenye. Nina mwavuli. Yoramu nimemwacha akimpalilia mama yake uwele. Anasema atanifuata magugu yakiisha. Maskini!

Jumanne, 2 Februari. Pori la Marenga Mkali.
Mafuta yanazuia maji, kweli. Hayazuii mbwa. Mbwa sita wa kijiji cha Chunyu wananifuata tangu jana wakinilamba mgongo. Radi. Mvua ya mawe. Adhuhuri Yoramu amenipita, miguu mitupu, viatu amejitwika kichwani, mkononi kibuyu tu. Akaniuliza kama hawa wenzangu sita nao wanaomba ukarani. Nikamjibu kwa Kijerumani. Hakuelewa. Nimeshinda.

Jumatano, 3 Februari. Kikombo.
Siku mbaya kuliko zote. Kosa si langu.

Dhoruba tatu tangu alfajiri. Tope limenivua kiatu cha kushoto mara tisa (nimehesabu). Saa nane mchana, katikati ya mashamba ya uwele, upepo ukaupindua mwavuli. Hapo nikachoka. Nikapanda juu ya kichuguu, nikauelekeza mwavuli mbinguni, nikapiga kelele: Basi! Koma! Toka hapa!

Mvua ikakoma. Papo hapo!

Bado natabasamu, nikaona majembe. Watu kama thelathini, wamekizunguka kichuguu. Mwaka jana hapa mvua ilinyesha mara nne tu, mtama ukakauka ukiwa wa magotini. Mtu wa hapa hailaani mvua hata ikimwangushia nyumba. Loisi, mama aliyesoma kidogo misheni, akanitafsiria maneno ya mkwewe, mzee mwenye shamba: mgeni ameifukuza mvua, mgeni haondoki mpaka irudi. Nikawaeleza kwa kirefu mambo ya joto, mvuke na mawingu. Loisi akatafsiri kwa maneno mawili. Nikamuuliza amesemaje. "Nimewaambia umekiri, mwanangu."

Sawa. Nikageuza mpango. Aliyeifukuza si ndiye awezaye kuiita? Sharti langu: ikirudi, niachwe niende zangu. Wakakubali. Nikakizunguka kichuguu mara saba nikitamka jedwali la kuzidisha kwa Kijerumani, kwa sauti nzito. Nilipofika saba mara nane, radi! Mvua ikamwagika. Vigelegele. Mzee akanipa maziwa ya mgando, akaniita mjukuu wake. Loisi anasema Yoramu amelala kwa shangazi yake, ng'ambo tu ya korongo. Usingizi mwema, Yoramu. Kesho nitakupita ukiwa bado unaaga mashangazi.

Alhamisi, 4 Februari. Bado Kikombo.
Korongo. Jana Yoramu alilivuka maji yakimfika vifundoni. Leo linabeba miti mizima na paa la tembe la mtu. Ni mvua yangu hiyo! Nimesimama ukingoni nikaliamuru lipungue. Mara mbili. Mzee akaniomba kwa adabu nisilikasirishe. Loisi akasema niliiomba mvua irudi, sikutaja kiasi. Adhuhuri imepita nikiwa nimekalia shanta. Sijashindwa. Nimecheleweshwa na mafanikio yangu mwenyewe.

Jumamosi, 6 Februari. Dodoma.
Nimefika. Yoramu ndiye karani. Akanipokea kwa heshima, akanipa chai, jambo la kuudhi sana. Akasema bado kuna nafasi ya kubeba mnyororo wa kupimia. Mimi! Nikaiacha chai yake, nikaenda moja kwa moja kwa Mjerumani. Nikamwambia, kwa Kijerumani safi, kwamba wino ni kazi ya watu wadogo. Adui wa reli yake ni matope. Nami naweza kuizuia mvua Ugogo yote mpaka reli ifike Tabora. Akacheka hadi akavua miwani. Nikayarudia yote kwa Kiswahili, kwa sauti, ili kambi nzima ijue nani ni nani.

Imejua. Wapagazi wote ni Wagogo, na wote wana mashamba. Naandika haya ndani ya hema la vyakula. Nje wanaulizana nimeingia wapi. Yoramu amesimama mlangoni, anawaambia humu hamna mtu, na ananinong'oneza, "Ndugu yangu, tafadhali, leo tu, usiseme neno."

Yoramu ni mtu wa kukata tamaa mapema. Natoka sasa hivi niwaeleze kwamba Jumapili nitawaachia mvua kidogo.