Wimbo Wangu Nyuma ya Leso

Jumatatu, 4 Agosti

Harrison wa kampuni ya muziki amenipigia simu kutoka Mombasa. Ati nisithubutu kuimba "Chumvi ya Bodo" mbele ya watu mpaka tusikizane. Nikiimba tu, wimbo unakuwa wake moja kwa moja. Wimbo wangu! Ulionitoa Bodo ukanifikisha mpaka Dodoma! Kosa langu lipi? Nilimuuzia yeye, na mwenziwe wa kampuni nyingine nilikuwa nishamuuzia. Wimbo si mbuzi. Ukimpa mtu, bado unao kinywani.

Jumanne, 5 Agosti

Nimepaka ndevu rangi nyeusi nionekane msanii. Jua la Msambweni halina adabu. Rangi yote imeteremka kwenye kanzu! Vijana wakanipiga picha, na kufika adhuhuri niko mitandaoni. Mmoja wa Ukunda kaandika ati guka, yaani babu, anavuja. Mwingine kauliza kama ningali hai. Alamin, aliyekuwa mpiga ngoma wangu na sasa anauza samaki sokoni, amecheka hadi kushika meza. Ati sauti yangu ilizikwa zamani, kilichobaki ni kikohozi. Hasidi!

Alhamisi, 7 Agosti

Akili imefunguka! Kesho jirani yetu Twaiba anamuoza bintiye Yusra. Alasiri ni ngoma ya wanawake, ndani ya uwa wa nyumba. Mwanamume haingii. Simu zote huachwa mlangoni, maana humo wamejipamba na vichwa viko wazi. Basi shahidi atakuwa nani? Harrison na masharubu yake atapita wapi? Nimemwambia Twaiba nitaimba nje ya uwa, nyuma ya leso zilizotungikwa. Sioni mtu, sionwi na mtu. Amefurahi, akasema hiyo ndiyo zawadi ya binti. Mke wangu Mwanarusi kasema nikichungulia kwa jicho moja, hilo jicho litalala nje.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimeimba! Nimekalia mbuzi ya kukunia nazi, maana viti vyote wamechukua wao. Ubeti wa kwanza sauti ikakwaruza. Wa pili ikashika. Wa tatu vigelegele vikanifunika, wakaimba wenyewe, hata ubeti niliousahau mimi. Machozi yakanitoka. Mwanarusi nimemwambia ni vitunguu vya pilau. Naye kaniletea habari ya kunikata maini: aliyekuwa akicheza mbele kabisa, leso kiunoni, ni Purity, mfanyakazi wa Harrison. Katumwa kunipeleleza! Nimekwisha.

Jumamosi, 9 Agosti

Purity amebisha hodi asubuhi. Shikamoo yake safi, ingawa ni mtu wa Taru, huko bara kwa wafugaji. Nikashika koo, nikajifanya sauti imekauka. Akacheka, akaniambia babu, hilo koo nililisikia jana. Kumbe mamake alikuwa akiuimba wimbo wangu wakichunga ng'ombe! Na ya uwani hayatoki nje, analijua hilo. Amemwambia bosi wake hakuona mtu, aliona leso tu. Kweli tupu! Tena amemlainisha: wimbo unarudi kwangu, turekodi upya, mapato nusu kwa nusu. Jumanne tunatia sahihi. Sharti ni moja. Mpaka hapo nisiimbe hadharani hata neno. Nimeapa. Mwanarusi ameniapisha mara ya pili, ati kiapo cha kwanza anakijua.

Jumatatu, 11 Agosti

Nilikwenda sokoni kununua samaki, tafi wawili, basi. Alamin, mbele ya wateja, akasema ile sauti ya harusini ilikuwa redio. Redio! Nikanyamaza. Nikajisifu kwa kunyamaza. Akaongeza ati ndiyo maana nilifichwa kwa leso, betri zisionekane. Sasa mwanamume afanye nini? Nimepanda juu ya meza yake, katikati ya samaki, nikaimba beti zote. Soko zima likasimama. Simu zikainuliwa juu kama mikono ya dua. Alamin mwenyewe akaanza kupiga ngoma kwenye ndoo ya barafu, akaniambia ndugu yangu, nilikuwa na hamu nawe. Siku gani tena itapita hii? Kabla sijafika nyumbani, Diani nzima imeshaniona.

Simu yangu inaita. Ni Harrison. Bila shaka ataka kunipongeza.