Mapareni wa Ufundi wa Komisere Onesphore

Mheshimiwa Msimamizi wa Teritwari, Mheshimiwa Naibu wake, Waheshimiwa manaibu wa Naibu, Baba Padri, Bwana Pasta, wake zao wale walio nao, na ninyi raia wa kawaida wa Nyamianda mliosimama juani kwa hiari yenu: mimi, Komisere Onesphore, Mwanzilishi na Rais wa Komite ya Mradi wa Mapareni wa Ufundi, nawasalimu. (Makofi. Polisi anawatazama wasiopiga.)

Tangu Uhuru nimekuwa nikijiuliza, ndani ya biro yangu, ofisi niliyoipaka rangi mara mbili, kwa nini wasichana wa Bijombo na wa bonde la Ruzizi hawafungui mashine ambazo Wabelgiji walizifungua kila siku. Ndipo akili yangu ikazaa mradi huu: kila msichana apate pareni, yaani enjinia mwenye diploma, amwongoze toka spana ya kwanza hadi mtihani wa mwisho. Kwa statistiki nilizofanya mwenyewe, asilimia mia na nne wamefaulu. (Mwalimu mmoja anakohoa kwa muda mrefu.)

Ushahidi ni huyu Mukarusanga, aliyefufua mashine ya kusaga unga ya misheni kwa waya na msumari. Ameteremka siku mbili kutoka Bijombo na baba yake, Mzee Semana, aliyenikabidhi mtamba nimpelekee pareni, maana kwao ng'ombe aliyetolewa hufunga urafiki, na waliofungwa hivyo hawatupani. Desturi nzuri kabisa. Tumemchinja asubuhi. (Mzee Semana anavua kofia.)

(Mukarusanga: «Mukubwa, minye niko nauliza tu. Pareni wangu iko wapi?»)

Swali la kiufundi. Enjinia wa mwisho alikimbilia Usumbura wiki ile ya Uhuru, na shule yenyewe ya ufundi waasi wameichoma. (Sauti: «Waasi hawajafika huku, Mukubwa.») Wakifika wataichoma! Serikali hupanga mapema.

Msichana mmoja, pareni mmoja! Spana juu, ujinga chini! (Manaibu wanaitikia.)

Nashukuru Komite, ambayo ni mimi. Nashukuru shule, ambayo tutaitafutia kiwanja, na mapareni, ambao tutawatafuta. Zaidi namshukuru Mzee Semana, kwa kuwa katika mradi mzima mtamba wake tu ndiye aliyefika. Karibuni mezani. Weye Mukarusanga, ngoja kidogo: jenereta ya kipaza sauti inazimika, na hapa hakuna mwingine anayejua kuifung…

(Mukarusanga: «Papa, tupande mulima.» Wanaondoka. Komisere anaendelea kufungua na kufunga mdomo.)