Miezi Mitatu ya Haidrojeni

Jumatatu, 3 Machi
Kikao cha kupanga uwashaji wa mtambo wa nishati ya muunganiko wa nyuklia. Cheo cha mkuu wa mipango kiko wazi na ni changu, ila hawajajua tu. Awamu ya kwanza tunatumia haidrojeni ya kawaida, ili kuta zisishike mionzi na mtu aweze kuingia na spana kurekebisha kasoro. Kisha inakuja haidrojeni nzito, kuta zinashika mionzi, na hapo haingii mtu tena, ni mikono ya roboti. Miwani, mpinzani wangu wa meza ya pili, kaomba awamu ya kwanza iwe miezi kumi na minne. Mwoga! Nikasema mitatu. Mkurugenzi akaandika kitu. Kaandika!

Jumanne, 4 Machi
Ukaguzi ndani ya chemba ya mtambo. Mlangoni yupo mke wangu, mkaguzi: kila kinachoingia anakiandika, kikitoka anakifuta. Akauliza kama nina chuma chochote. Nikamwambia sina, mama watoto, si unanijua. Pete ya ndoa ilikuwa chini ya glavu. Huwa haitoki bila sabuni. Ndani nikavua glavu niandike jina langu kwa penseli nyuma ya kigae cha ukuta. Pete ikachomoka na jasho. Ikabingirika. Ikazama kwenye ufa. Mungu wangu!

Jumatano, 5 Machi
Pendekezo langu la miezi mitatu limepitishwa! Wamenipigia makofi. Miezi mitatu, halafu pete ya ndoa inabaki humo milele! Nyumbani nimefunga kidole bandeji. Nimesema nilijikata na karatasi.

Alhamisi, 6 Machi
Nimemwomba mkurugenzi miezi ishirini. Akauliza kimebadilika nini tangu jana. Nikasema dhamiri. Miwani akanishika mkono, machozi yakimlenga, akasema kumbe hakunijua. Mkurugenzi hakulia. Akaagiza kamera ipitishwe chemba nzima.

Ijumaa, 7 Machi
Nimekwisha. Mke wangu kasoma ripoti mbele ya kikao kizima, sauti haitikisiki: kitu kigeni kimoja kimetolewa kwenye ufa, pete ya dhahabu, ndani imechorwa jina la mkaguzi. Kisha akasema kosa la kwanza ni lake, aliamini neno la mtu bila kumpekua. Hilo limeniuma kuliko yote. Mkurugenzi kapitisha miezi kumi na minne. Cheo kapewa Miwani.

Jumapili, 9 Machi
Siku mbili mke wangu hanisemeshi. Leo kaniuliza nimejifunza nini. Nikamjibu mengi sana, mke wangu, na kweli nilikaribia kulia. Akanirudishia pete, akaenda kuoga. Nikafungua ratiba ya awamu ya pili. Miwani kaandika mwaka mzima. Mwaka! Nimefuta, nimeweka wiki sita.