Habari za Mgeni Mmoja Aliyekwama Kati ya Jedwali la Kwanza na la Pili

Sogeeni karibu, enyi mliowahi kujaza fomu kwa kalamu isiyotoa wino, nanyi mliowahi kuambiwa "rudi kesho" na mtu aliyeshika kikombe cha chai. Wekeni simu zenu kifudifudi mnisikilize, maana nataka kuwasimulia vita iliyopiganwa asubuhi moja katika Chumba Namba Saba cha Idara ya Takwimu, vita isiyomwaga damu bali chai kidogo, na ambayo shujaa wake aliinuka kitini mara moja tu. Mimi ni mpiga chapa wa chumba hichohicho. Niliyaona haya kwa macho yangu mawili, na atakayesema natia chumvi na aje tuonane.

Alikuwako katika chumba hicho mwanamke aliyeitwa Bi Nukta. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa kwenye faili la utumishi, na huko ndiko lilikobaki. Kwa miaka minane Bi Nukta, mlinzi wa safu na mistari, tishio la desimali zilizokaa vibaya, aliwahesabu wageni wote walioingia nchini: wajao kutembea, wajao kufanya biashara, wajao kuona ndugu, mradi waondoke kabla miezi kumi na miwili haijatimia, kwa kuwa hao tu ndio kanuni zetu zinawatambua kuwa wageni wa muda mfupi. Akaaye mwaka mzima huyo ni mkaazi, huhesabiwa na watu wa Chumba Namba Tatu, na Bi Nukta hataki hata kumsikia.

Sasa jueni lililokuwa hatarini. Taarifa ya wageni hutoka kila mwezi, tarehe ishirini, saa nne kamili asubuhi. Mwezi uliotangulia umeme ulikatika, taarifa ikachelewa saa mbili, na Mkuu wa Idara akasimama mbele yetu sote akatamka kwamba ikichelewa tena, meza ya Bi Nukta, dirisha lake na wageni wake wote watakabidhiwa Karani wa Mizigo. Huyo ni mtu anayehesabu makontena. Hajawahi kukosea hata mara moja, na sababu yake ni kwamba kontena halijazi fomu. Ijumaa iliyofuata alikuja na futi kamba akaipima meza ya Bi Nukta, mwenyewe akiwa amekaa palepale, akamwomba asogeze kiwiko. Bi Nukta alikisogeza. Lakini usiku ule, alivyoniambia mwenyewe, alilia mpaka mumewe akaamka kuuliza nani amefariki.

Basi ikafika tarehe ishirini. Saa tatu na robo, Bi Nukta akayaita majedwali yake mawili yasimame mbele yake kwenye kioo cha kompyuta. Jedwali la Kwanza, lipangalo wageni kwa nchi walizotoka, likatoa jumla yake: arobaini na nane elfu mia tatu kumi na sita. Jedwali la Pili, lipangalo walewale kwa siku watakazokaa, likatoa jumla yake: arobaini na nane elfu mia tatu kumi na tano.

Alipungua mtu mmoja. Aliingia nchini, hilo lilikuwa yakini, lakini hakuwa amekaa hata siku moja.

Hapo ndipo Bi Nukta alipovua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaivaa tena, akainuka. Nasema akainuka, nanyi msilichukulie jambo hilo kirahisi, kwa sababu kiti chake kilikuwa na gurudumu bovu na kila ainukapo hukimbilia ukutani. Akaenda moja kwa moja kwenye trei ya matata. Trei hii ni ya bati, na ndani yake makarani wanaoingiza kadi za kuwasili hutupa kila kadi iliyowashinda. Mashine yetu ina tabia yake: ukurasa wa kwanza hupokea nchi aliyotoka mgeni bila maneno, ukurasa wa pili hutaka siku za kukaa, na hapo haikubali ila tarakimu. Ukiiandikia herufi inalia. Karani aliyechoka kusikia kilio huiacha kadi nusu, akaitupa kwenye trei, akaenda kula.

Akaifunua trei, akakuta kalenda ya mwaka juzi, akakuta vibanio, akakuta ganda la karanga, na chini kabisa, imegandishwa na chai ya zamani, akaikuta kadi moja. Akaibandua kwa rula, taratibu. Mwanamke, miaka sitini na minane. Sababu ya safari: kumtembelea binti. Na penye siku za kukaa palikuwa na mwandiko mzuri wa kujisomea: *Inategemea nitakavyopokewa.*

"Mama huyu," alisema Bi Nukta, "kazi yote kaiachia nchi."

Wakati huohuo akaingia Mkuu wa Idara, bwana wa mihuri, mwenye tai iliyokwisha kuona mengi. Ilikuwa saa tatu na nusu na dakika tano. Akaelezwa. Akacheka.

"Mmoja tu? Mwongeze, Bi Nukta. Andika siku saba. Nani atakuja kumtafuta mtu mmoja kati ya elfu arobaini?"

Bi Nukta akajinyoosha, na ninawaapia, hata feni ilipunguza kelele.

"Mkuu, nimekaa kwenye kiti hiki kibovu miaka minane. Nimehesabu watu mamilioni, na hakuna hata mmoja niliyemtunga. Leo nikitunga huyu, kesho nitatunga kumi, na ikifika Desemba tutakuwa tunaandika hadithi. Ukitaka kunipokonya meza nipokonye, nitaumia lakini nitakwenda. Ila siku saba siandiki, kwa sababu sizijui."

"Maneno mengi haya kwa kadi moja," alisema Mkuu. "Hebu nione."

Akaipokea. Akasoma juu, akasoma kati, akafika chini penye jina la mwenyeji, na jina lililokuwa pale ndilo lililobandikwa mlangoni kwake kwa herufi za shaba. Kisha akakivuta kiti changu mimi, akakikalia.

"Huyu ni mama mkwe wangu," alisema. "Wiki ya tatu sasa. Kiti changu cha sebuleni anakikalia yeye. Rimoti anayo yeye. Taarifa ya habari siku hizi naisikilizia jikoni."

"Anaondoka lini?" aliuliza Bi Nukta.

"Wewe umeoa?"

"Mimi nimeolewa, Mkuu."

"Basi huwezi kujua. Mimi nimuulize mama mkwe wangu anaondoka lini? Mke wangu atasema namfukuza mama yake. Ukoo mzima utajua kabla ya chakula cha jioni."

"Nakuelewa. Lakini mambo ni mawili tu. Akikaa chini ya mwaka, namwongeza Jedwali la Pili. Akikaa mwaka na kuendelea, namtoa Jedwali la Kwanza, kwa sababu atakuwa si mgeni tena. Atakuwa mkaazi."

"Mkaazi," alisema Mkuu kwa sauti ndogo, akaomba maji. Aliyekuwa akitaka siku saba za kubuni sasa alikuwa na kiu ya ukweli kuliko sisi sote. "Mpigie," alisema. "Mimi sipo."

Saa nne kasoro dakika kumi na mbili. Bi Nukta akabonyeza namba iliyokuwa kwenye kadi, akaweka sauti ya wazi tusikie sote. Mlangoni tayari alikuwa amesimama Karani wa Mizigo, ameegemea fremu, anaangalia saa yake waziwazi bila haya.

"Shikamoo, mama. Nakupigia kutoka Idara ya Takwimu."

"Marahaba, mwanangu. Ndiko anakofanya kazi mkwe wangu. Hajambo?"

Mkuu akatikisa kichwa kwa nguvu.

"Ametoka kidogo, mama. Kwenye kadi yako uliandika kuwa kukaa kwako kunategemea utakavyopokewa. Sasa tunaomba kujua siku."

"Nimepokewa vizuri mno. Nilikuja na wasiwasi, nisikufiche. Nilisema, mzee kama mimi nisije nikawa mzigo kwa watu. Lakini mkwe wangu ni mpole kupita kiasi. Kiti kanipa, rimoti kanipa, hata taarifa ya habari anaifuata jikoni ili nisisumbuke. Mwanamume gani mwingine anafanya hivyo?"

Mkuu akafunika uso kwa kadi za wageni wa biashara.

"Kwa hiyo niandike siku ngapi, mama?"

"Mgeni wa muda mfupi mwisho wake lini, mwanangu?"

"Chini ya miezi kumi na miwili. Ikitimia, tunamwita mkaazi."

Tulisikia kijiko kikikoroga kitu huko nyumbani kwa Mkuu.

"Ukaazi hapana," alisema bibi yule, "hiyo itakuwa tamaa. Toa siku moja. Andika zilizobaki."

Zilizobaki ni mia tatu sitini na nne. Bi Nukta akashukuru, akakata simu, akakigeukia kioo.

"Bi Nukta," alinong'ona Mkuu, "huwezi kukadiria?"

"Ulitaka nikadirie saa tatu na nusu, Mkuu, nikakataa. Sasa nimeuliza, nimejibiwa."

Akapiga tatu, akapiga sita, akapiga nne. Mashine haikulia. Jedwali la Pili likajikusanya, likahesabu safu zake, likatoa arobaini na nane elfu mia tatu kumi na sita. Mkuu akasaini, akathibitisha kwa muhuri wa serikali kuwa mgeni yule ni wake. Saa ya ukutani ilipogonga nne, taarifa ilikuwa imetoka. Karani wa Mizigo akakumbuka kwamba ana makontena mahali. Bi Nukta akakaa, akakivuta kiti chake hadi dirishani, akalia kidogo tena, safari hii kwa raha, wala hakuficha.

Mkumbuke na hili, ili wajukuu wenu wasije wakaambiwa vingine. Siku mia tatu sitini na nne za mtu mmoja ziliusukuma wastani wa kukaa wa wageni wote, uliokuwa ukingoni kabisa, kutoka siku tisa nukta nne hadi tisa nukta tano. Nukta hiyo moja ilipanda ngazi hadi wizarani, na jioni ileile Waziri alizungumza redioni, sauti imejaa fahari, akatangaza kuwa kwa mara ya kwanza katika historia wageni wameanza kuizoea nchi yetu na hawataki kuondoka. Mkuu alikuwa jikoni, sahani mkononi. Kutoka sebuleni akasikia akiitwa kwa upole: "Mkwe, njoo usikie, wanatusema sisi."