Kura za Matangani

Jumamosi, 8 Novemba 2025. Jeddah.
Siku sita kabla ya uchaguzi wa jumuiya yetu ya Wazanzibari wa Saudia nzima. Uenyekiti nimeukalia miaka ishirini, na sasa Wahida anautaka. Wahida! Mimi ndiye niliyemfundisha kuandika kumbukumbu za mkutano. Leo nimemwendesha kwa gari Don Anselmo, mgeni wa bosi wangu hapa mtaa wa Al-Hamra. Alikuwa meya huko kwao Hispania miaka thelathini na moja. Kesi juu ya kesi, na watu wakamchagua tu. Nikamwuliza siri. Akanijibu kwa Kiarabu chake cha kuokoteza kwamba hakukosa msiba wa mtu hata mmoja, isipokuwa wa mama yake, maana siku ile alikuwa akimzika mama wa diwani. Kisha njia nzima kaishika simu isiyolia. Katika jibu lake nimeandika ile nusu ya kwanza tu: usikose msiba.

Jumapili, 9 Novemba.
Dada yangu Muna kalazwa hospitali, maradhi ya moyo. Kaniomba nikae naye. Akaniuliza kama nimekula, na mgonjwa ni yeye. Katika watoto wa mama tumebaki wawili tu. Mara habari: Riyadh kuna msiba kwa kina Sultan, ukoo wenye kura kumi na nne. Nikamwambia Muna nitarudi upesi. Kasema niende, ila mkono wangu alikawia kuuachia.

Jumanne, 11 Novemba. Riyadh.
Basi limenishusha Batha, kiuno kimenikatika. Nilipoingia msibani nikaangua kilio, nikisema mama huyu katulea sote. Sultan akaninong'oneza kuwa aliyekufa ni baba yake. Nikalia upya, kwa baba. Nimesikia mtaa wa Sulimaniyah nako kuna aliyefiwa. Nimeongeza siku. Muna kapiga simu mara mbili. Nilikuwa katikati ya dua.

Alhamisi, 13 Novemba. Jeddah.
Muna kafa jana alfajiri. Kwetu maiti hangoji mtu: kaswaliwa adhuhuri, kazikwa. Basi lilinifikisha isha. Leo asubuhi nimeonyeshwa udongo. Wahida ndiye aliyemkosha, na ndiye aliyekaa naye hospitali siku zote hizo. Kasema kila mlango ukifunguliwa Muna akiuliza kama ni mimi. Nimelia mpaka sauti ikanikauka. Sina tena wa kuniuliza kama nimekula.

Ijumaa, 14 Novemba.
Wahida kajitoa. Kawaambia watu hawezi kushindana na mfiwa. Nimepita bila kupingwa! Nyumba ya Muna imejaa watu waliokuja kunihani, nami nimemshukuru kila mmoja kwa jina. Kesho ni hitima yake. Lakini nimeambiwa mama mkwe wa Sultan naye hali yake mbaya, na miaka minne hadi uchaguzi ujao si mingi. Nimekata tiketi ya ndege ya asubuhi ya kwenda Riyadh. Hitima ataisimamia Wahida. Kazi hizo anaziweza.